Acheni Kupaka Nyumba Majivu

Lugha yetu haikuficha kitu ilipoipa rangi hii jina. Kijivu ni jivu. Ndilo linalobaki jikoni moto ukishazimika, linazolewa kwa kipande cha debe na kumwagwa shimoni. Sasa jivu hilo limetoka shimoni na kurudi sebuleni, tena kwa gharama. Zunguka mitaa mipya ya Dar es Salaam, kule Goba, Madale au Kigamboni, ujionee: ukuta wa kijivu, geti jeusi, marumaru ya kijivu, kochi la kijivu, zulia la kijivu, pazia la kijivu lenye mistari ya kijivu kingine. Muulize fundi, atakwambia ndiyo ya kisasa. Muulize mwenye nyumba, atakwambia imetulia.

Kazi yangu ni kupanga nyumba za watu. Naingia, napima, nachagua rangi na vitambaa, nabishana na fundi, nalipwa. Na nasema imetosha. Kinachoitwa utulivu hapa ni woga, na woga wenyewe una jina: kuogopa kuitwa mshamba.

Wateja nimewasikiliza vya kutosha. Ni wachache mno wanaosema "napenda kijivu". Wanasema "sitaki makelele". Wanasema "isije ikaonekana ya Uswahilini". Hilo la pili huwa nalirudia kichwani nikiwa kwenye daladala, maana anayelisema analisema kwa Kiswahili safi kabisa, kakulia Uswahilini, kalelewa na kusomeshwa huko, na sasa anatafuta rangi itakayofuta ushahidi. Ndoo ya lita ishirini inatosha kufuta vyumba viwili.

Tukisema ukweli, woga huu hatukuubuni sisi. Mjerumani Goethe, ambaye sisi wapenda vitabu tunamvulia kofia kwa sababu ya Faust, alitoa mwaka 1810 kitabu kizima kuhusu rangi. Humo alidai kwamba mataifa aliyoyaona ya kishenzi, watu wasio na elimu, na watoto, wote hupenda rangi kali. Watu waliostaarabika, kwa maelezo yake, huziepuka katika nguo na katika vitu vinavyowazunguka. Mwaka 1925 akaja msanifu majengo Le Corbusier na pendekezo kwamba kila raia alazimishwe na sheria kuondoa mapazia na karatasi za maua ukutani, apake Ripolin nyeupe, kwa maana ukuta ukiwa safi na roho nayo inasafika. Kichekesho ni kwamba bwana huyu huyu, mwaka 1931, alitengeneza mkusanyo wa rangi kibao kwa ajili ya kampuni ya karatasi za ukutani. Sheria ya weupe ilikuwa ya wengine. Msanii wa Uingereza, David Batchelor, aliandika kitabu mwaka 2000 kuhusu hofu hii, akaonyesha jinsi rangi ilivyosukumiwa kwa muda mrefu upande wa wanawake, watoto, watu wa Mashariki na "washenzi", yaani kila asiyehesabiwa kuwa mtu kamili.

Basi ukimsikia mtu wa Tabata anasema rangi kali ni ushamba, jua maneno hayo yamesafiri mbali mpaka kumfikia. Yeye anadhani ni ladha yake.

Sasa tazama tulichonacho. Kwa Kiswahili, maneno ya rangi yanayobeba viambishi vya ngeli ni matatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi nyingine karibu zote ni vitu. Kijani ni jani. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda linalotia ulimi rangi. Manjano ni bizari iliyokaa jikoni, ile inayogoma kutoka kwenye kucha. Chungwa, waridi, maziwa. Samawati ni mbingu, tumeichukua kutoka Kiarabu. Halafu kuna ile rangi ambayo kila ninapoitaja mbele ya mafundi wanacheka: damu ya mzee. Niambie ni kadi gani ya sampuli dukani yenye jina linaloifikia hilo. Kadi zenyewe zimejaa majina ya ukungu, shayiri, theluji na kokoto za mtoni, tena kwa Kiingereza, na mteja wangu anachagua "theluji" ya nne kutoka juu akiwa anajipepea kwa kadi hiyo hiyo.

Mswahili aliyeita rangi kwa jina la kitu alikuwa anakaa na kitu hicho. Ukiibandua rangi ukutani, umeondoa pia kisingizio cha kulitamka neno. Watoto wa nyumba za kijivu wanasema "purple", hawasemi zambarau, na zambarau wenyewe waliukata ili kupata pa kuegesha gari.

Najua jibu linalokuja. Kila nikisema haya, kuna msomi mmoja hunyanyua kidole: mbona nyumba za kale za Lamu na Pate zilikuwa nyeupe ndani? Ndiyo, zilikuwa nyeupe. Kuta nene za mawe ya matumbawe, zikapakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa dari, na mwanga uliingia kutokea kiwanda cha ndani, kidogo kidogo. Weupe ule ulikuwa na kazi. Ulibeba mwanga ule mchache mpaka ndani kabisa, na huko ndani kulikuwa na zidaka, safu juu ya safu, zenye sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Ukuta ulikuwa mweupe ili sahani zionekane. Nyinyi mmechukua ukuta mkaacha sahani.

Kwa upande wa nje, sibishani. Paka nyeupe, paka maziwa, jua letu linapiga utosini na rangi nyepesi inalirudisha. Lakini mitindo haikuishia hapo. Siku hizi nje nako kunapakwa kijivu cha mkaa, ukuta unashika joto mchana kutwa na kulitema usiku, na mwenye nyumba anajifungia na kiyoyozi huku akinunua luku kila baada ya siku chache na kulalamika kwamba umeme umepanda. Ndani, taa ni zile nyeupe za baridi. Kijivu chini ya taa ile kinageuka kuwa bluu ya maiti. Watu wanakula pilau katika chumba chenye mwanga wa mochwari, halafu wanashangaa kwa nini wageni hawakai.

Halafu kuna hili la "ukozi". Mwaka 2016 Meik Wiking wa Denmark alitoa kitabu chake kidogo kuhusu hygge, ile starehe ya nyumbani ya Wadenmark, na dunia nzima ikaanza kuwasha mishumaa. Mimi sina ugomvi na Wadenmark. Copenhagen mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ningekuwa huko na mimi ningejifunika blanketi la sufu, nikawasha mishumaa saba na kushika kikombe kwa mikono miwili. Lakini nimekuta blanketi la sufu limetandazwa juu ya kochi Mbezi, mwezi wa Februari, mwenye nyumba anatiririka jasho pembeni yake. Nilipouliza la nini, nikaambiwa la "kuleta joto". Jamani, joto lipi tena limekosekana?

Starehe ya nchi ya joto ni ubaridi. Ni sakafu ya saruji iliyopigwa deki, miguu ikiwa peku. Ni mtungi uliokaa kwenye kivuli, unaotoa jasho ili maji ya ndani yapoe. Ni baraza, ambako mtu anakaa na majirani bila kulazimika kuvua viatu wala kualikwa. Ni mkeka. Na mkeka si kitu cha kutundika ukutani kama kichwa cha nyati. Ni ukindu uliotiwa rangi, ukasukwa ukili mrefu, kisha ukili ukashonwa kwa ukili mpaka upate upana wa watu watatu kulala. Rangi za mkeka zinakaa sakafuni, unapolala mchana ndizo unazoziona kwa ukaribu kuliko zote.

Niwape kisa kimoja, maana suala hili lina watu ndani yake. Mteja wangu mmoja alimleta mama yake kutoka mkoani aje kuishi naye moja kwa moja. Mama alikuja na sanduku la vitambaa vya makochi alivyovifuma mwenyewe kwa miaka mingi: vyekundu, vya kijani, vya njano, vyenye maua pembeni. Sebule tulikuwa tumeshaimaliza, kijivu kitupu, kama alivyoagiza mwenyewe. Nikapigiwa simu: "Dada, tafadhali mtafutie mama kabati la kuvifungia vile vitambaa vyake, lakini usimwambie kuwa ni mimi." Nilipokwenda kupima nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kochi, kanga ameitandika chini yake ili asichafue. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye kiti, hapa patachafuka." Mwenye umri ule, nyumbani kwa mwanawe wa kumzaa, anakaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Wahenga walisema moto huzaa jivu. Walimaanisha watoto, lakini siku ile nililiona ukutani.

Kabati sikulipima. Vitambaa viwili tulivitandaza siku ile ile, na ugomvi uliofuata na mteja haukuwa mdogo. Kazi ile nilimaliza, ila sijaitwa tena.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo tupake kila ukuta rangi yake kama duka la vocha? Hapana, na jibu unalo kabatini. Chukua kanga, itandaze kitandani. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni zito, limebeba rangi na mchoro wa kujirudia, linazunguka pande zote nne. Mji una nafasi ya kupumua. Jina limekaa mahali pake, mstari mmoja tu, halipigi kelele lakini kila mtu anajua linamsema nani. Waliotengeneza kanga walijua tangu zamani kwamba rangi kali inahitaji mpaka na inahitaji uwazi. Chumba nacho ni hivyo. Milango na fremu za madirisha zibebe damu ya mzee au kijani cha mgomba, ukuta uwe maziwa, halafu kitu kimoja, kimoja tu, kiseme jina lako. Sikufundishwa haya chuoni. Chuoni nilifundishwa gurudumu la rangi la Wazungu, nalo ni zuri, lakini halina jina.

Na kama unalipenda jivu kwa dhati, kajifunze kwa wanawake wa Kirehe, mashariki ya Rwanda, wanaotengeneza imigongo. Wanachanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wanainua matuta ya mchoro juu ya ubao au ukuta, yakikauka wanapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ndizo zile zile tatu za viambishi vyetu. Jivu lipo, ila limekaa chini, linashikilia rangi. Sisi tumelipandisha juu. Rangi yenyewe tumeifukuza ukutani tukaifungia kwenye fremu: picha moja ya Tingatinga juu ya kochi la kijivu, basi, nyumba imekuwa "ya Kiafrika". Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta za kawaida za madukani. Leo picha za mtindo wake zinaning'inia kwenye kuta zilizonyimwa rangi kama hizo.

Nimalizie na nyinyi waandishi, maana hapa ndipo mahali penu na mnajiona hamhusiki. Nasoma hadithi zenu. Kila tajiri anaishi katika "jumba la kifahari", anakaa kwenye "sofa za kisasa", mbele ya "runinga kubwa bapa". Kila maskini ana "kibanda". Huo nao ni upakaji wa kijivu, tena wa bei rahisi, bila hata brashi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kutuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi utajiri wa Pate ulivyokwisha, hakutuambia kwamba majumba ya kifahari yaliharibika. Alituingiza ndani mpaka kwenye zidaka za sahani, tukakuta makinda ya ndege yamelala humo. Karne mbili hivi zimepita na mimi, mtu wa kupima kuta, bado nazijua zile zidaka ukubwa wake.

Kwa hiyo mkinipeleka sebuleni kwa mhusika wenu, msinipe ufahari. Niambieni kochi lina rangi gani, kitambaa kilicho juu yake alikifuma nani, na nani ndani ya nyumba ile anaogopa kulikalia.