Turtles Wapya Hawajaharibu Utoto Wako, Pole

Wasee, wacha niungame. Teenage Mutant Ninja Turtles: Mutant Mayhem ilitoka Agosti 2023 na mimi nikakataa kuiona. Nilitazama trela, nikaona kobe wamechorwa kama kazi ya mtoto wa darasa la nne aliyeachiwa kalamu, nikasema zii. Hao si Turtles wangu. Nimeikwepa hadi juzi, ndugu yangu mdogo alipoiweka Jumapili jioni nikiwa nimeketi hapo na sahani ya pilau, sina pa kwenda.

Nimekuja kusema nilikosea. Kuna mahali muvi yenyewe pia imekosea, na nitafika hapo.

Kwanza tuongee kuhusu hii tabia yetu ya kulinda utoto kama askari wa benki. Katuni ya zamani ikirudi tu, tunaanza kulia: "Wameiharibu!" April O'Neil wa muvi hii ni msichana mweusi wa shule ya upili, na kuna watu walikasirika kweli kweli. Ati April halisi ni yule ripota wa ovaroli ya manjano.

Halisi wa nani? Turtles walianza 1984 kwenye kitabu cha katuni cha Kevin Eastman na Peter Laird, kurasa za rangi nyeusi na nyeupe. Kilikuwa kikali, na Shredder alikufa kwenye toleo la kwanza kabisa. Wote wanne walikuwa na vitambaa vyekundu usoni. Zile rangi nne unazozikumbuka, buluu, nyekundu, zambarau na machungwa, ziliingia na katuni ya televisheni ya 1987. Yaani hicho tunachokiita cha asili kilikuwa tayari kimegeuzwa ili watoto wakipende. Mtu fulani mwaka huo pengine alilalamika kwamba Turtles wake wameharibiwa. Na bado sisi tukafurahia.

Sasa, kwa nini hii mpya inafanya kazi? Sauti. Leonardo, Raphael, Donatello na Michelangelo wameigizwa na vijana wa ukweli: Nicolas Cantu, Brady Noon, Micah Abbey na Shamon Brown Jr. Walirekodi pamoja, ndio maana wanakatizana, wanachekana, mmoja anaanza stori na mwingine anaimaliza vibaya. Kama umewahi kupanda matatu jioni na wanafunzi wa shule ya upili wamejaa kiti cha nyuma, hizo kelele unazijua. Kwenye ile ya zamani, watu wazima ndio walikuwa wanaongea. Neno "Teenage" lilikuwa kwenye jina tu.

Na ile michoro niliyoidharau? Mwelekezi Jeff Rowe na timu yake walitaka muvi ionekane kama vitu ambavyo kijana anachora nyuma ya daftari mwalimu akiendelea kufundisha. Mistari imepinda, taa za New York zimekwaruzwa kwa kalamu. Walifanya makusudi. Mimi ndiye nilikuwa sijaelewa.

Lakini kilichonikamata ni Splinter.

Hapa anaigizwa na Jackie Chan, na ni panya baba aliyewalea kobe wanne. Wakiwa wadogo anawapeleka juu, Times Square. Watu wakiwaona wanapiga mayowe na kuwafukuza. Anarudi nao kwenye mtaro wa majitaka, anajifunza kupigana kwa kutazama video, anawafundisha, na anawapa sheria: binadamu wasiwaone.

Pilau ilipoa hapo.

Mwanzo wa 2008 nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunaishi kwa ploti hapa Nairobi, na vurugu za baada ya uchaguzi zilipoanza, baba alitupa sheria mbili. Nje tuongee Kiswahili pekee, lugha ya nyumbani ibaki nyumbani. Na mtu akituuliza jina, tutaje la kwanza tu, kwa sababu la pili lingesema tunatoka wapi. Hatukuelewa. Tulikuwa na CD moja ya Turtles iliyokwaruzika, tukaitazama hadi tukaikariri, sauti ikiwa chini.

Mkataba ulitiwa sahihi Februari, watu wakarudi kazini, lakini sheria za baba hazikuisha. Nikiwa kidato cha pili bado sikuruhusiwa kulala kwa rafiki wala kuenda sherehe mtaa mwingine. Tuligombana sana. Nilidhani ana roho ngumu tu. Na Splinter wa zamani hangenisaidia kumwelewa, kwa sababu yule ni mwalimu mwenye busara, hatetemeki. Huyu mpya anaogopa, na muvi inakuonyesha uoga ulianzia wapi.

Inakuonyesha pia kwamba kuna njia nyingine. Superfly, yule nzi wa sauti ya Ice Cube, naye alikataliwa na binadamu, na yeye ameamua kuwamaliza wote. Splinter anajificha, Superfly analipiza, halafu kobe wanachagua kujitokeza. Na sababu yao ni ndogo, ya kijana kabisa: wanataka kuenda shule kama watu wengine.

Sasa lile kosa. Karibu na mwisho, April anasema ukweli kwenye televisheni, na mji uliokuwa unawaogopa Turtles unageuka na kuanza kuwasaidia. Haraka hivyo! Bana, haiendi hivyo. Kwenye ploti yetu kuna majirani walioanza kutusalimia tena baada ya wiki chache, na kuna wengine ilichukua miaka. Wengine walihama na hatujawahi kuwaona tena. Taarifa moja ya habari haingerudisha hayo yote. Muvi ingekaa hapo kidogo, hata dakika tano, badala ya kukimbilia sherehe.

Hata hivyo, wacha niwaambie kilichotokea sebuleni. Baba alikuwa anapita Splinter akiwakanya watoto kuhusu binadamu. Akasimama.

"Huyo panya ana akili," akasema.

Ndugu yangu alizaliwa 2009. Alicheka, akadhani ni mzaha. Baba akaketi, na hakuinuka tena hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupita.

"Kwa hivyo walienda shule?" akauliza.

"Walienda."

"Na yeye akawaruhusu?"

"Aliwaruhusu, baba."

Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia nipashe pilau moto, siwezi kula chakula baridi.

Kwa hivyo kabla hujaandika kwamba wameua utoto wako, iangalie kwanza. Ile CD yetu ya zamani bado naipenda, na hakuna muvi mpya imeingia kwa nyumba kuivunja. Lakini nikiwa na miaka tisa niliona kobe wanaopigana na kula piza. Juzi ndio nilimwona baba yao. Iangalie, na kama mzazi wako anapita sebuleni, usimfukuze. Msogezee kiti.