Kizuizi cha Tope Kijaribiwe Kabla ya Masika

Wakulima wenzangu, barabara ikijengwa juu ya shamba lako, mvua ndiyo itakuambia kama mkandarasi alifanya kazi. Msimu uliopita kijana mmoja alinipigia simu alfajiri: mfereji wa umwagiliaji umejaa tope, kitalu cha nyanya kimefunikwa chote. Nikapanda pikipiki nikaenda. Kwenye mtaro wa barabara vizuizi vilikuwepo, tena vimepangwa vizuri tu. Maji yalikuwa yamevichimba kwa chini yakapita zake.

Eti "si vipo?" Kuwepo siyo kufanya kazi!

Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn kina kituo cha kupima vitu hivi pale Opelika, jimbo la Alabama. Wanafungulia maji ya kiasi kilichopimwa kwenye mtaro wenye ukubwa wa kweli, halafu wanaangalia kizuizi kinashindwa wapi. Walipima yale magunia marefu ya wavu yaliyoshindiliwa nyasi kavu. Lililofanya vizuri ni lile lililotandikiwa kitambaa cha kuchujia, kitambaa kikabanwa ardhini kwa pini za chuma, na vigingi vikapigiliwa mshazari pande mbili vikakutana juu kama paa, bila kutoboa gunia. Gunia ni lile lile, kilichobadilika ni namna ya kulifunga.

Wengi tunadhani kizuizi kinachuja tope kama chujio la chai. Hapana. Kazi yake kubwa ni kutuamisha maji ili mchanga uzame. Maji yakipata upenyo chini, hayatuami, na mchanga wote unakuja kwako. (Mfinyanzi laini hauzami upesi hata maji yakituama, kwa hiyo kingo za barabara zipandwe majani mapema.)

Sasa mimi nasema hivi: boza la maji lipo saiti kila siku linamwagia vumbi. Kabla ya masika limwage maji kwenye mtaro, wenye mashamba na mtendaji wa kijiji wakiwepo. Najua boza siyo mvua ya masika, lakini kizuizi kinachochimbika chini kwa maji ya boza, kwenye mvua hakitafika popote. Na hilo linaonekana ndani ya dakika chache.

Yule kijana alinunua mbegu upya kwa hela yake, maana hakuwa na picha hata moja ya mtaro kabla ya mvua. Wewe piga zako wiki hii.