Kituo Ambacho Hakikuwamo Katika Orodha



Ndugu wasomaji, likizo za shule zimekaribia, na wazazi wengi wameanza kupanga safari za kuwatembelea jamaa. Habari za nauli, mizigo na chakula cha njiani tumekwisha kuzizungumza katika ukurasa huu. Leo napenda tuitazame siku moja ambayo aghalabu hatuipangi, nayo ni siku ya mwisho. Siku za mwanzo kila mtu huwa na subira, kwa kuwa kilichokosekana leo chaweza kupatikana kesho. Siku ya mwisho haina kesho. Kila aliyemo garini ana mahali anapopatamani, na saa za mchana haziongezeki. Mwenye kupanga akikosea, familia hurudi nyumbani imenuna.

Hayo nusura yatufike sisi wenyewe. Tulikuwa tumekwenda Kibondo, mkoani Kigoma, kwa dada yangu, ambaye mumewe ni tabibu katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Tulikaa siku sita katika vilima vile vyenye ubaridi, na siku ya saba ilitupasa tufike Kigoma mjini kabla ya usiku, kwani kesho yake tulikuwa na tiketi za treni ya kurudi Tabora. Ndani ya Noah ya kukodi tulikuwa watu saba: dereva, mimi na mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka sabini na mitano.

Usiku wa kuamkia safari, binti yetu mkubwa alichukua daftari akaandika matakwa ya kila mmoja. Mdogo wake wa kwanza alitaka kuwaona sokwe wa Gombe. Kitindamimba alitaka tusimame kwenye lango la Nduta apige picha. Mke wangu alitaka soko la Kasulu. Mimi nilitaka Heru Juu, makao ya watawala wa Heru, alikotawala Mwami Theresa Ntare zama za mkoloni, ili mabinti zangu wajue kwamba Buha imewahi kuwa na mtawala mwanamke. Binti mwenyewe aliandika makumbusho ya Livingstone ya Ujiji, kisha ufukwe wa ziwa. Alipomfikia bibi yake, mama alijibu, "Mimi popote mtakaponipeleka, wanangu." Binti hakuandika kitu mbele ya jina lake, wala mimi sikumwambia aandike.

Tukaanza kupunguza. Kutoka Kibondo hadi Kigoma kwa njia ya Kasulu ni zaidi ya kilomita 200, lakini kilomita si kipimo cha safari ya familia. Kipimo ni saa. Tulihesabu saa za gari kwenda, saa ya chakula na swala, kisha tukatenga saa moja nzima ya dharura. Tulipata faida moja: Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na jua lake huzama zaidi ya nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam. Hata hivyo, zilizobaki kwa matembezi zilikuwa saa tatu tu.

Gombe ikatoka. Hifadhi ile iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, na hufikiwa kwa boti, si kwa gari. Jane Goodall alipofika pale Julai 1960 alikaa miezi kabla sokwe hawajamzoea. Sisi tulitaka kuwaona kwa saa moja tukiwa njiani kwenda stesheni! Mahali panapodai siku nzima pasigeuzwe kituo cha njiani. Heru Juu nayo ikatoka, kwa kuwa ilitaka tuiache barabara kuu, na sikutaka kuwa baba anayefuta matakwa ya wenzake na kuyabakiza yake.

Kuhusu Nduta, shemeji yangu ndiye aliyejibu, na nilimshukuru kwa upole wake. Alimweleza mtoto kwamba kambi ile ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa wingi na kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ikawa imefurika. Akamwambia kwamba haiingiwi bila kibali cha serikali. Kisha akasema, "Mtu aliyekimbia kwake akiwa na mtoto mgongoni hakukimbia ili atazamwe. Ukitaka kuijua habari yao, kesho ukifika Kigoma liangalie ziwa, uulize watu wale walivukaje." Mtoto akanyamaza, lakini swali likambakia.

Tukaondoka baada ya swala ya Alfajiri tukiwa na vituo vitatu: Mto Malagarasi, Kasulu na Ujiji. Ufukwe tuliuweka pembeni, wakati ukiruhusu.

Mtoni tulisimama robo saa tu, na robo saa ilitosha. Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika, lakini hauendi ziwani moja kwa moja. Hulipa ziwa mgongo, ukazunguka mashariki hadi kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha ukarudi magharibi kupitia Uvinza na kumwaga maji yake kusini mwa Ujiji, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2000 ardhi oevu ya mto huo ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Watoto walitupa majani majini, wakabishana jani la nani litatangulia kufika ziwani.

Baada ya hapo tukapata pancha, na gurudumu la akiba nalo likawa na upepo mdogo. Ile saa ya dharura ikaliwa yote, na nyingine juu yake. Tulipomaliza kula Kasulu na kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, ilikuwa imekaribia saa tisa. Zilikuwa zimebaki takriban kilomita 90. Nikatangaza kama jemadari: "Ujiji tunaiacha. Makumbusho tutayakuta yamefungwa. Tunakwenda moja kwa moja Kigoma, tukapumzike ufukweni."

Binti alinuna, ila hakubisha. Tulipokuwa tumekwisha kutoka mjini, mama akasema polepole, kama anayezungumza na dirisha, "Basi shoga yangu atanisamehe."

Nikamwuliza ni shoga gani. Ndipo nikasikia jambo ambalo mimi, mwanawe wa kwanza, sikuwahi kulisikia. Mama alizaliwa Ujiji, hilo nalijua. Aliolewa akapelekwa Tabora akiwa msichana. Nisilolijua ni kwamba yupo mwanamke mmoja waliyesoma naye chuoni juzuu kwa juzuu, ambaye mara ya mwisho walionana kabla sijaanza shule. Miezi michache iliyopita mama alipata salamu kwamba yu hai, ila miguu imekwisha nguvu. Alipoona jina la Ujiji katika daftari la mjukuu wake aliridhika, akajisemea kwamba wakishafika ataomba dakika chache. Hakutaka kuisumbua safari ya watoto.

Ndugu msomaji, niliona haya. Nilikuwa nimepima kila kituo kwa saa na mafuta, lakini sikuwa nimejiuliza ni nani kati yetu ambaye siku ile kwake haikuwa ya mwisho ya likizo tu. Watoto wakijaaliwa watarudi Kigoma mara nyingi. Mama je?

Tukaufuta ufukwe, tukaelekea Ujiji. Tulifika jua likiwa bado limesimama. Ukiingia Ujiji unaona bado miembe mikongwe, kumbukumbu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, mwendo wa takriban kilomita 1,200. Burton na Speke waliingia hapo Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo, kwa hesabu yake mwenyewe, Novemba 1871. Makumbusho, kama nilivyosema, tuliyakuta yamefungwa. Tukauliza njia, tukafika kwenye nyumba yenye baraza ya udongo.

Sitaeleza walivyokutana, wazee wawili walishikana mikono kwa muda mrefu, na sisi tukatazama pembeni. Walichozungumza zaidi ni majina ya waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Watoto walianza kupiga miayo. Kisha binti yangu, ambaye bado alikuwa akiyasikitikia makumbusho yake, akamwuliza mwenyeji kama wazee wake waliwahi kumsikia Livingstone. Yule bibi akacheka. Akasema bibi yake mzaa baba alivushwa ziwa akiwa mtoto mdogo kutoka Manyema, upande wa Kongo, pamoja na mateka wengine. Ndugu zake wakapelekwa mbele kwa njia ile ile ya miembe, yeye akabaki Ujiji kwa kuwa alikuwa mdogo mno kutembea hadi pwani. Hakuwaona tena. "Wazungu wawili wamejengewa sanamu," alisema, "na bibi yangu nimejengewa mimi."

Hakuna aliyepiga miayo tena. Tulikuwa tumekuja kumbakishia mama robo saa, tukakaa hadi adhana ya Magharibi.

Usiku tulipopita karibu na bandari ya Kigoma, kitindamimba akalikumbuka swali lake. Nikamweleza habari za meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, mto ule ule wa asubuhi, ili isitwaliwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Na Mei 2015, Warundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, meli hiyo hiyo ndiyo iliyowachukua mafungu kwa mafungu hadi Kigoma. Mtoto akauliza, "Kama bibi wa yule bibi?" Nikamjibu kwamba yule alivushwa asitake, na hawa walivushwa wakitafuta usalama, ila ziwa ni moja.

Wazazi wenzangu, sina sheria za kuwapeni, ila nasaha chache za aliyekosea. Hesabuni saa kabla ya vituo, na saa ya dharura msiiguse mpaka dharura ije. Vituo vitatu vyatosha siku moja. Mahali pakubwa mkikose kwa heshima, mkaweke nia ya kurudi. Taabu za watu msizifanye mandhari. Na daftari linapozunguka, aliyesema "popote" msimpite. Kaeni naye faragha, mwulizeni mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa wazee wetu wamezoea kutuachia sisi nafasi.

Kesho yake, treni ilipokuwa ikingojwa, nililifungua daftari la binti yangu. Mbele ya neno "Bibi", palipokuwa patupu, alikuwa ameandika jina la mtaa wa Ujiji na maelezo ya njia ya kufika, ili tusipotee tukirudi.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari njema na marejeo ya salama.

Wabillahi tawfiiq.