Tembea Nchi Yako: Mashimo Haya Yana Wenyewe

Mkulima wa Trans Nzoia alimaye kwa trekta hukutana shambani mwake na mambo matatu yasiyompendeza: kisiki, kichuguu na shimo. Kisiki hung'olewa, kichuguu huvunjwa, na shimo hufukiwa. Lakini yako mashimo ya namna moja, hasa katika miteremko ya vilima vya Cherangani na kuelekea Mlima Elgon, ambayo hayakuchimbwa na maji ya mvua wala na mnyama. Ni ya duara kama sahani, upana wake hatua kumi na tano au ishirini, na upande wa chini pana mwanya mfano wa mlango. Mkulima akiwauliza wazee, jibu huwa moja: "Hayo ni ya Wasirikwa." Akiuliza tena Wasirikwa walikuwa watu gani, na walikwenda wapi, majibu huwa mengi.

Mtu atakaye kuyachunguza majibu hayo hana haja ya kupanda ndege. Siku tatu zamtosha kutoka Kitale hata Bungoma, maadamu anaye kiongozi aijuaye njia, viatu imara, tochi, na subira ya kuwasikiliza wazee.

Siku ya kwanza yafaa ianzie katika Nyumba ya Makumbusho ya Kitale. Mwanzo wake ulikuwa mwaka wa 1926, wakati mlowezi mmoja Mwingereza, Hugh Stoneham, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alipofungua makumbusho yake mwenyewe. Alikusanya vipepeo na wadudu wengine, ndege, vitabu, na vyombo vya watu wa nchi hii. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha wasia kwamba vitu hivyo viwe mali ya taifa, na nyumba mpya ikafunguliwa mjini Kitale mwaka wa 1974. Uani zimejengwa nyumba za mfano za makabila ya magharibi, na nyuma yake upo msitu mdogo wenye njia ya kutembelea. Mgeni akitazama kwanza vyungu, mikuki na vibuyu vya maziwa, atakapofika shambani macho yake yatajua la kutafuta.

Kutoka hapo kiongozi huwapeleka wageni kwenye mashimo yenyewe. Jambo la kwanza awaulizalo ni hili: je, watu waliishi humu? Wengi hujibu kuwa ndiyo, na walowezi wengi wa zamani waliamini hivyo hivyo. Wataalamu waliochimba mashimo ya namna hii walipata jibu jingine. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka wa 1937 na 1938, naye Merrick Posnansky alichimba Lanet mwaka wa 1957; baadaye, kuanzia miaka ya 1960, J. E. G. Sutton alizunguka nyanda za juu zote za magharibi akiyapima na kuyachimba mengine. Ikaonekana ya kuwa shimo halikuwa nyumba. Lilikuwa zizi la ng'ombe.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wenye mji walichagua mteremko, wakachimba duara ndani ya ardhi, wakaweka mlango upande wa chini ili maji ya mvua na mkojo wa ng'ombe yapate kutiririka nje. Jioni ng'ombe waliingia, mlango ukafungwa. Nyumba za watu zilikuwa ndogo, za duara, zimeshikamana na zizi kwa nje, na mwenye nyumba aliweza kutoka kitandani akaingia moja kwa moja kwa ng'ombe wake. Mwizi aliyekuja usiku hakuweza kuwaswaga bila ya kupita mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa ukilindwa. Asubuhi samadi na matope vilisombwa na kutupwa nje, upande wa chini, na miaka ilipopita takataka hizo zikawa kilima. Ndiyo sababu karibu na kila shimo hupatikana mwinuko, na ndani ya mwinuko huo vigae vya vyungu, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mtu aonaye mashimo hamsini mahali pamoja hudhani pale palikuwa na mji mkubwa. Sivyo. Zizi lilipojaa matope likawa halifai tena, wenyewe walichimba jingine jirani, wakaliacha la kwanza. Mashimo hamsini yaweza kuwa ni kazi ya jamaa chache, baba na mwana na mjukuu, kwa muda wa miaka mingi. Wataalamu wakadiria kuwa desturi hii ilianza kama miaka 800 iliyopita, ikadumu mpaka karne ya kumi na nane. Masimulizi ya Wakalenjin husema kuwa Wasirikwa walikuwa na ng'ombe wengi, kisha Wamasai wakawashinda, wakatawanyika.

Hapo ndipo lilipo swali kubwa: walikwenda wapi? Jibu lake laweza kueleweka kwa mfano wa nchi ya mbali. Kaskazini ya mji wa Roma, huko Italia, waliishi kabla ya enzi ya Warumi watu walioitwa Waetruria. Walikuwa na miji yenye kuta, na mapokeo ya Warumi wenyewe husema kuwa baadhi ya wafalme wa kwanza wa Roma walitoka kwao. Maandishi yao husomeka herufi zake, lakini maneno mengi maana yake haijajulikana, wala hakikubaki kitabu chao cha historia. Habari zao zimetoka zaidi katika makaburi. Mahali paitwapo Cerveteri waliyachonga katika mwamba laini uliotokana na volkano, wakayapa milango, vyumba na vitanda vya mawe kama nyumba za watu hai. Watalii wa dunia nzima hulipa fedha ili wainame na kuingia mashimoni humo, na tangu mwaka wa 2004 makaburi ya Cerveteri na ya Tarquinia yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Waetruria hawakutoweka kama umande. Walioana na Warumi, wakaiacha lugha yao, wakawa Warumi. Ndivyo wataalamu wengi waonavyo habari za Wasirikwa pia: jina lilikoma, desturi ya zizi la shimo ikaachwa, lakini watu wenyewe waliingia katika koo za Wakalenjin na za majirani zao, na hata leo zipo jamaa zisemazo wazi kuwa babu zao walikuwa Wasirikwa. Basi mashimo haya si ya wageni waliopita njia. Yana wenyewe, na yamkini wengine wao ndio wanaolima juu yake.

Siku ya pili safari hupanda Mlima Elgon. Lango la Chorlim la hifadhi ya taifa liko kama kilometa 27 kutoka Kitale. Ndani yake yamo mapango ya Kitum, Makingeny na Chepnyalil, nayo pia yamo katika mwamba wa volkano, kwa maana Elgon ni volkano ya kale iliyozimika. Pango la Kitum laingia mlimani kama mita 200. Usiku tembo huingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga, hukwangua ukuta kwa pembe zao, wakala mawe yenye chumvi. Alama za pembe huonekana ukutani. Wageni huingia wakiongozwa na askari wa hifadhi, na yafaa wasimguse popo wala kinyesi chake, kwani mwaka wa 1980 na tena mwaka wa 1987 watu waliokuwa wamelizuru pango hilo walishikwa na ugonjwa wa Marburg.

Mzungu Joseph Thomson alifika mlimani hapo mwaka wa 1883. Aliwakuta Wakony wakiishi katika mapango pamoja na mifugo yao, wamezuia mlango kwa magogo. Thomson alipoona ukubwa wa mapango hayo hakuamini kuwa wenyeji waliweza kuyachimba. Akawaza juu ya taifa fulani la kale lenye maarifa mengi, lililokuja kutafuta vito, na hata Wamisri akawataja. Leo yajulikana ya kuwa hapakuwa na Mmisri. Mapango yalianzwa na maji na kumomonyoka kwa mwamba, na wanyama wenye hamu ya chumvi wakayapanua. Kosa la Thomson lina mafundisho. Mtu asiyejua habari za mahali hupenda kumpa sifa mgeni wa mbali, na mwenyeji aliye karibu akamsahau.

Siku ya tatu njia hushuka kupita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, mji ulioitwa zamani Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia yaliyo karibu, ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Hapa ni nchi ya Wabukusu na Watachoni, na mambo ya kale hapa ni kuta na mahandaki. Wabukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, kwa hofu ya wavamizi. Kijiji cha namna hiyo kiliitwa lukoba. Huko Kabras, kusini kidogo, Thomson alivipita vijiji vyenye kuta alipokuwa njiani.

Juu ya vilima vilivyo mashariki ya Webuye lipo boma la Chetambe, lililopewa jina la Chetambe wa Ifile, mtu wa Watachoni. Mwaka wa 1894 palizuka ugomvi kati ya Wabukusu na kituo cha Waingereza kilichokuwa Mumias. Ugomvi huo ulihusu bunduki zilizofika mikononi mwa Wabukusu. Askari waliotumwa kuzidai waliuawa. Mwaka wa 1895 C. W. Hobley, aliyekuwa msimamizi wa kituo hicho, alikwenda na jeshi la askari wa Kisudani, Waganda, watu wa Wanga na wasaidizi wengine. Boma la Lumboka, katika nchi ya Bungoma, lilishambuliwa kwanza. Waliosalia walikimbilia Chetambe, na huko ndiko vita vilikokwisha. Handaki lililoweza kumzuia mtu wa mkuki halikuweza kuzuia risasi. Wengi walikufa, ng'ombe wakatekwa, na tangu hapo nchi ikawa chini ya serikali ya Waingereza.

Ushindi uliandikwa vitabuni na washindi, nao waliwaita Wabukusu kwa jina la Kitosh, ambalo wenyewe hawakulipenda. Msiba wa walioshindwa haukuandikwa. Ulikaa katika nyimbo, katika majina ya watoto, na katika handaki lile. Hata mwaka wa 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake wengi mpaka Chetambe kuwakumbuka waliokufa, yapata miaka 52 baada ya vita. Handaki lingalifukiwa, wangalikwenda wapi?

Safari yaishia mjini Bungoma, na msafiri arudiapo nyumbani humkuta yule mkulima wa Trans Nzoia angali na shimo lake. Shida yake si ya mchezo. Mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, na urithi umeyakata tena na tena. Mwenye ekari mbili akiliacha shimo moja na kilima chake, amepoteza sehemu ya mahindi ambayo watoto wangekula au ingelipa karo ya shule. Wala ndani ya shimo hamna dhahabu ya kumfidia. Kwa hiyo asilaumiwe haraka na mtu akaaye mjini.

Lakini yako mambo ayawezayo bila ya kulala njaa. Shimo laweza kuachwa liwe malisho ya ndama, kama lilivyokuwa tangu mwanzo. Trekta yaweza kupita hatua chache mbali na ukingo wake. Kilima kilicho chini yake kisisawazishwe kabla ya mtu wa makumbusho kuitwa akitazame, maana kigae kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya ushuhuda wake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006 pia yaamuru kuwa mtu agunduaye kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba. Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi wake wapime shimo kwa kamba na kulichora. Karani, ambaye kalamu ni kazi yake, aweza kuandika jina la mahali na maneno ya mzee aliyepajua, pamoja na tarehe. Na kijana aliyesoma, akiyajua haya yote, aweza kuwa kiongozi wa wageni na kupata riziki katika kijiji chake.

Plau ni chombo cha baraka, kwani bila yake Kitale isingejulikana kwa mahindi. Hata hivyo yafanya kazi upesi kuliko fikira. Zizi lililodumu miaka 500 laweza kusawazishwa kabla ya saa sita mchana, na jioni mtoto akimwuliza baba yake ni watu gani waliofuga ng'ombe hapa zamani, baba hatakuwa na mahali pa kunyoshea kidole.