Galaksi jirani iko juu ya mapaa yenu

Huku Dubai tuko salama, kazi zinaendelea. Leo sitaandika habari za viza wala maghorofa. Nataka tuzungumze kuhusu nyota, na wale mtakaosema "huyu jua limemwingia kichwani" naomba mvumilie mpaka mwisho.

Kila mwaka kuelekea mwisho wa Agosti, watu wa Ghuba husubiri nyota ya Suheli ichomoze kusini alfajiri. Kwao ni dalili kwamba joto kali linaanza kuaga. Manahodha wetu wa zamani nao waliijua nyota hiyo kwa jina hilo hilo. Lakini chini ya Suheli kuna kitu ambacho mtu wa Dubai hawezi kukiona akiwa nyumbani kwake, hata awe na pesa kiasi gani. Kiko kusini mno, na sisi tulio digrii 25 kaskazini ya ikweta hakituchomozei kabisa. Ninyi mnacho.

Kitu hicho kinaitwa Wingu Kubwa la Magellan. Jina ni wingu, lakini ni galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota, jirani wa galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, yaani nuru mtakayoiona usiku iliondoka huko wakati binadamu hajajua kulima wala kuandika. Ina mdogo wake, Wingu Dogo, aliye mbali zaidi kidogo, kama miaka ya nuru 200,000.

Kuiona hakuhitaji darubini. Mwezi wa Januari, usiku usio na mbalamwezi, toka nje kama saa nne, mahali penye giza, utazame kusini. Tafuta Suheli; ni rahisi, maana ni ya pili kwa kung'aa kati ya nyota zote za usiku. Nyoosha mkono, pima shubiri moja kasoro kwenda chini na kulia kidogo. Utaona doa hafifu kama moshi uliosimama. Hiyo ndiyo galaksi. Kariakoo hutaiona kwa sababu ya taa, lakini Kilwa, Mafia, Pangani na Makunduchi hamna kisingizio!

Sasa hoja yangu. Tumezoea kudhani elimu ya nyota ni ya matajiri. Kweli, huku wamejenga kituo cha Al Thuraya ndani ya Mushrif Park (Thuraya ndiyo Kilimia chetu), na mwaka 2021 chombo chao kiitwacho Hope kilifika Mirihi. Nawapongeza kwa dhati. Lakini ukisoma jinsi hizo galaksi jirani zilivyochunguzwa, utaona kwamba mara nyingi anga lilikuwa la watu wengine na daftari likawa la wengine.

Mfano wa kwanza ni Peru. Zaidi ya miaka mia iliyopita, picha za Wingu Dogo zilipigwa Arequipa, zikasafirishwa hadi Harvard, Marekani. Huko mama mmoja, Henrietta Leavitt, alizichambua nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 alionyesha kwamba nyota inayochukua siku nyingi zaidi kumaliza zamu yake ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Ukijua mwanga wake halisi, ukalinganisha na unavyoonekana kwetu, unapata umbali. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble alithibitisha miaka ya 1920 kwamba Andromeda nayo ni galaksi nyingine, nje kabisa ya yetu.

Mfano wa pili ni wa kwetu, na nashangaa hausimuliwi zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Walikuja pale kwa sababu ya ikweta. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina Uhuru. Ndiyo, Uhuru, Kiswahili kitupu! Ilipoyageukia mawingu yale mawili ilikuta vyanzo vya eksirei. Kimoja, LMC X-3, baadaye wataalamu waligundua kina shimo jeusi ndani yake. Katika orodha za wanajimu mpaka leo kuna nyota ambazo majina yake huanza na 4U, na U hiyo ni Uhuru.

Tulitoa bahari na jina. Wasomaji wa zile takwimu walikuwa wapi? Mbali.

Najua atatokea wa kusema nyota hazilipi ada ya shule. Mimi namjibu kwamba babu zetu walisafiri kwa nyota mpaka Ghuba hii na kurudi, na biashara yao ilikuwa ndiyo chakula cha watoto. Tena elimu hii mlango wake si fedha tu. Februari 1987 nyota moja ililipuka ndani ya Wingu Kubwa, ikaonekana kwa macho matupu. Mlipuko wa kung'aa hivyo haukuwa umeonekana tangu mwaka 1604. Mmoja wa watu wa kwanza kuuona alikuwa Oscar Duhalde, mwendesha darubini kule Chile. Alitoka nje tu, akatazama juu, akaona mgeni. Aliuona kwa sababu alilijua anga lake kama mtu anavyowajua majirani zake. Na usiku ule galaksi ile ilipita pia juu ya Lindi na Lamu.

Siku hizi hata daftari limefunguliwa. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa mwaka 2013 na kustaafishwa 2025, ilipima mwendo wa nyota nyingi mno, zikiwemo za mawingu haya, na takwimu zake hutolewa bure kwa yeyote. Kwa mwendo huo watafiti wanasoma historia: lini mawingu haya yaligongana, na kama ndiyo mara ya kwanza yanatupitia karibu. Mwanafunzi wa Dodoma mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuwa mezani pamoja nao.

Basi naomba mambo mawili. Walimu, watoeni watoto nje usiku muwaonyeshe. Na ninyi mnaojenga, taa zenu zielekezeni chini, zimulike njia na siyo mbingu. Huku nyota tunazihesabu kwa vidole, na giza likishaondoka mjini kulirudisha ni kazi.

Januari mkiiona, niandikieni. Wasalimieni wazee, na wadogo waambieni mjomba anauliza habari za Wingu. Tuonane wiki ijayo, Inshallah.