Beki wa Morocco na Stara Yake

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malezi, ndoa na mirathi. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuingia uwanja wa mpira, kwani nako kuna jambo linalowahusu mabinti zetu.

Tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Australia, Morocco ilikutana na Korea Kusini katika Kombe la Dunia la Wanawake. Miongoni mwa walinzi wake alikuwamo Nouhaila Benzina wa klabu ya AS FAR ya Rabat, binti wa miaka 25, naye aliingia uwanjani akiwa amevaa hijabu. Tangu mashindano hayo ya wakubwa yaanzishwe mwaka 1991, hakuna mchezaji aliyewahi kufanya hivyo.

Siku sita kabla, Morocco ilikuwa imefungwa na Ujerumani mabao 6-0, na Benzina alikuwa benchi. Dhidi ya Korea, Ibtissam Jraïdi alifunga katika dakika ya 6. Iliyobaki ikawa kazi ya mabeki, kazi ambayo watazamaji huikumbuka pale tu inapoharibika. Bao halikurudi. Morocco ikaifunga na Colombia 1-0, ikavuka hatua ya makundi, na Ujerumani ile ile ikafunga virago.

Lakini njia ya binti huyu isingefunguka kwa juhudi zake peke yake. Mwaka 2007, baada ya msichana wa miaka 11 nchini Kanada kutolewa uwanjani kwa sababu ya mtandio wake, watunga sheria za soka walimuunga mkono mwamuzi. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman katika mechi ya kufuzu Olimpiki, kwa sababu ya vazi hilo hilo. Hoja ilikuwa usalama wa shingo, ingawa hakukuwa na kumbukumbu za kitabibu za majeraha ya namna hiyo. Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan alilisimamia suala hili ndani ya FIFA. Majaribio yakaruhusiwa mwaka 2012, na ruhusa kamili ikatolewa Machi 2014. Benzina alikuwa na miaka 15. Ni wasichana wangapi wa rika lililomtangulia walioacha mpira kimya kimya?

Wala jambo hili halijaisha. Tarehe 29 Juni 2023, mwezi mmoja tu kabla ya mechi ile ya Adelaide, mahakama ya juu ya masuala ya utawala nchini Ufaransa iliafiki katazo la shirikisho la soka la huko dhidi ya hijabu katika mashindano yake. Hivyo Agosti 8, Ufaransa ilipoitoa Morocco kwa mabao 4-0, uwanjani palikuwa na kanuni ya FIFA inayoruhusu vazi ambalo katika ligi ya Ufaransa lingemzuia mchezaji kucheza.

Tunafahamu kwamba wapo wazee wetu wenye shaka juu ya wanawake kucheza mbele ya wanaume. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, na mahali pake ni kwa masheikh. Tunachokikataa sisi ni binti kuambiwa na mwalimu wa michezo achague kati ya mtandio na timu, kisha mzazi akanyamaza akidhani ndiyo sheria.

Sheria ya 4 ya soka inasema vingine. Kifuniko cha kichwa kinaruhusiwa kikiwa cheusi au cha rangi kuu ya jezi, na wenzake wanaojifunika wavae rangi moja naye. Kisishonwe pamoja na jezi, kisiwe na kitu cha hatari shingoni, wala ncha zinazoning'inia. Pini, basi, zibaki nyumbani. Kitambaa chepesi kinachovutika, kilichoshonwa kubana kichwa, kinatosha, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kukishona.