Mvula haingoji mwenye gari

Mvula ikianza Septemba, barabara ya Uvira kwenda Fizi na Misisi inageuka matope mpaka Mei. Sisi wachimbaji ndio tunapandaka juu ya mifuko, na sisi ndio tunaangukaka. Aprili 2020 tuliona Mulongwe ikibomoa nyumba hapa Uvira, gari litaisimamisha?

Wenye magari, badilisheni pine zilizolika. Jaribuni freni mbele ya kushuka mlima. Taa ziwake, na vya kufuta kioo vifute. Mtasema pine ni bei kali; lakini nauli tunalipa yote. Mto ukijaa, shofa angoje maji yapungue. Na sisi abiria tuache kumsukuma: "Papa shofa, twende tu!" Dhahabu haiozi, itatungoja.